Picha Alizomchorea Kiprugut

Jepkoech alikuwa dobi kwenye shamba moja la mzungu huko Kuresoi. Kazi yake nyingine ilikuwa kuosha brashi za mama mwenye nyumba, ambaye jioni alipenda kuchora milima kwa rangi za maji. Mama huyo aliporudi kwao Uingereza mwaka wa 1951, alimwachia kisanduku chake cha rangi, nusu zikiwa zimekwisha.

Mwaka uliofuata Kiprugut, mumewe, askari wa keya, jeshi la Waingereza la Waafrika, alipelekwa vitani Malaya. Jepkoech hakujua kuandika, basi akaanza kumchorea. Milima aliiacha. Alichora vitu ambavyo watu huvipita bila kuvitazama: maji yaliyotuama kwenye nyayo za ng'ombe, kuvu la kijani juu ya nguzo ya ua, ukungu ukitambaa kati ya matuta ya viazi. Wanawake wenzake walimcheka, wakamwuliza ni nani avuke bahari kisha atamani tope. Tope hilo Kiprugut alilikanyaga kila asubuhi akienda kukamua, kabla hajaingia jeshini, na miguu yake ndiyo iliyokosekana pale.

Majibu yalikuja kwa mkono wa Makokha, rafiki wa Kiprugut kikosini, aliyejua kuandika. Karani wa shamba alimsomea Jepkoech. Kiprugut alisema picha ya nyayo ameibandika ndani ya hema, na kwamba wenzake huja kuitazama, kila mmoja akidai ni kwao.

Mwaka wa 1953 alirudi. Mwili ulikuwa mzima, lakini maneno yalikuwa yamemwisha. Alikaa mlangoni akitazama chini mpaka chakula kikapoa. Jepkoech alijikuta akimtamani mtu wa zile barua kuliko alivyomtamani alipokuwa mbali. Siku moja wakipalilia viazi, akamwuliza angependa amchoree nini sasa.

Kiprugut alisimamisha jembe. "Kaburi la Makokha," akasema. "Mama yake hajaliona."

Ndipo Jepkoech alipojua kwamba Makokha amekufa.

Hakuwa ameiona Malaya hata kwa picha, ikabidi mumewe akae kando yake na kumweleza. Picha ya kwanza Kiprugut aliikataa kwa sababu ilikuwa kavu mno. Kule, alisema, kila kitu hutiririka maji. Ya pili udongo wake haukuwa mwekundu vya kutosha. Kwenye ya tatu Kiprugut alishika brashi mwenyewe, akaongeza nyasi ndefu zilizouinamia msalaba wa mti. Huku akichora, akaanza kusimulia walivyochimba, na nani alishika jembe, na mvua ilivyokuwa ikijaza shimo. Ng'ombe walichelewa kukamuliwa siku hiyo.

Picha waliituma Kimilili, kwao Makokha. Baada ya miezi mitatu barua ikaja, mwalimu ameiandika kwa niaba ya mama. Alishukuru, kisha akauliza nyasi zile zinaitwaje, na kama ng'ombe huzila.

"Sijui jina lake," Kiprugut alimwambia Jepkoech. "Nilisimama pale asubuhi nzima, sikuuliza mtu."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa karani. Akamwambia aandike kwamba ng'ombe kule hakuwaona, lakini nyasi hizo ni laini, na upepo ukipita zote hulala upande mmoja.