Namba Asiyoiona Mtu

Juzi kwenye basi la Woolwich, hapa London, mbele yangu alikaa mama wa Kizanzibari na binti yake wa chuo kikuu. Kesho yake Ramadhani, na binti alikuwa ametangaza hafungi.

"Mie naamini kinachopimika tu, mama."

Mama akagusa alama moja kwenye daftari la hesabu la binti. "Na hii nini?"

"Namba ndogo kuliko namba yoyote, lakini si sifuri."

"Ushaiona?"

"Haionekani. Ila bila yake hesabu haitoki."

"Na mie bila sala siku yangu haiendi, mwanangu."

Karne tatu nyuma, askofu mmoja mwanafalsafa aliandika kitabu kizima kuwauliza hivyo hivyo wanahesabu walioicheka dini: mbona nanyi mnaamini msichokiona? Nilikisoma mara mbili, nikasinzia mara tatu.

Binti akafunga daftari. "Daku saa ngapi?"