Jeshi la Ireland Lilivyomgombanisha Albano na Mama Benson

Saa tisa alasiri. Ndani ya banda la video huko Madale, Albano anapuliza maiki, anakohoa, kisha anatupia jicho benchi la mbele. Tekla, wanayemwita Mama Benson, ameketi pale, mikono kifuani, ndoo ya vitumbua miguuni. Hajaja kustarehe. Amekuja kumkagua.

"Leo tafsiri, usitunge," anamwambia.

Kazi ya Albano ni kutafsiri picha za kigeni kwa Kiswahili papo kwa papo, sauti yake ikipanda juu ya sauti za wenyewe. Ameifanya tangu alipotoka Nachingwea akiwa kijana. Wateja wa banda nao wana sheria yao: kila picha lazima iwe na stelingi, yaani shujaa wake, na stelingi hafi. Mtafsiri anayechelewa kumtaja huzomewa.

Jumapili iliyopita mwenye banda, Romani, alileta picha za habari za zamani alizopakua mtandaoni, za kujazia muda kabla ya mpira. Zilikuwa za jeshi la Ireland, za miaka ya sitini, hazina rangi. Vijana wamevaa sare nzito za sufu, wanapanda ndege, wanapunga mikono. Albano, kwa mazoea, akamchagua mmoja mrefu.

"Huyu ndiye stelingi. Anakwenda Vietnam kulipiza kisasi."

Hapo ndipo alipoharibu. Mama Benson alikuwa mlangoni akiuza vitumbua. Kiingereza hajui, lakini jina la Kongo analijua kwa lugha yoyote, na mtangazaji alilitaja waziwazi. Mwanawe Benson ni askari, na hivi sasa yuko Kongo katika kikosi cha kulinda amani.

Punde yakatokea majeneza yaliyofunikwa bendera, yamepakiwa kwenye magari, na umati umejipanga barabarani. Banda likaanza kelele: stelingi yuko wapi? Albano akajibu yuko kwao, anaoa. Watu wakacheka, isipokuwa Mama Benson. Kelele zilipozidi, Romani akaikata picha, akaweka mpira.

"Picha ya zamani, sawa. Lakini kama haina neno, mbona Albano aliificha Kongo?" Mama Benson anamuuliza mwandishi wa habari hii, akimwangalia kana kwamba naye yumo. "Kuna habari wanaijua, wananizunguka. Benson hajapiga simu wiki yote hii. Mie si mtoto."

Tangu siku hiyo haamini mtu. Jirani akimsalimia kwa upole, anashtuka. Katekista alipopita kumjulia hali, alimuuliza katumwa na nani.

Mwandishi naye alimtilia Albano shaka. Kwanza Albano alidai hakusikia Kongo ikitajwa. Baadaye akasema spika ilikuwa inakwaruza. Njia ya mwongo fupi. Hatimaye akainamisha kichwa.

"Nilisikia. Lakini mama wa watu kasimama pale mlangoni na vitumbua vyake, ningeanzaje? Roho iliniuma, nikaipeleka picha Vietnam."

Huruma hiyo imemponza. Sasa wateja wanabishia kila anachosema, hata kwenye picha za Kihindi. Wengine wameanza kwenda banda la upande wa pili wa barabara. "Mtafsiri asipoaminiwa, kazi imekwisha," anasema.

Ndiyo maana leo anairudia picha ile ile.

"Hawa ni askari wa Ireland," anaanza, sauti imepoa. "Wanakwenda Kongo kulinda amani."

Mama Benson anaitikia kwa kichwa taratibu. Yanakuja majeneza. Safari hii Albano hayakwepi.

"Hawa walifia Kongo."

Hamtaji stelingi, wala hakuna anayemdai. Picha inapita pale ilipokatwa Jumapili ile. Ndege inatua, vijana wanashuka, wanawake wanawakimbilia na kuwakumbatia.

"Hii umeiongeza wewe," anasema Mama Benson.

"Ilikuwepo, Mama Benson. Tuliizima kabla."

"Rudisha nyuma. Na hiyo maiki izime."

Anawatazama wale wanaoshuka, uso baada ya uso, bila sauti ya mtu. Anataka irudishwe tena, na Romani anairudisha. Kisha anajifuta macho kwa upande wa kanga na kufunika ndoo yake.

Albano ana mpango. Benson anatazamiwa kurudi Desemba, na siku atakayofika picha hii itawekwa tena.

"Maiki nitampa yeye," anasema. "Atueleze mwenyewe kulivyo huko."

"Sema Mungu akipenda," Mama Benson anamkatiza.

"Mungu akipenda," anasema Albano, na mama yule hambishii.