Akaunti haifutwi mpaka mzee wa ghorofa ya nne aingie

Saa tatu asubuhi, viatu vya kwanza vinasimama mbele ya dirisha la Zornitsa Pashova. Ni viatu vyeusi vya kike, vya kisigino kifupi, vilivyopigwa rangi vizuri. Zornitsa hahitaji kuinua macho ili ajue ni vya nani. Duka lake liko chini ya ardhi na dirisha liko usawa wa lami, kwa hiyo anayetaka kuzungumza naye kutoka nje sharti achuchumae.

Mwenye viatu hivi hachuchumai. Ana miaka sabini na moja na magoti yanamsumbua. Anasema akiwa wima, na nusu ya mtaa inasikia.

"Ameingia?"

"Hajaingia, shangazi Tsonka," anajibu Zornitsa, mkono ukiwa bado kwenye mashine ya kuchonga funguo. "Jana kaniambia miwani imepotea."

"Imepotea wapi? Alikuwa nayo kichwani. Nimeiona mimi."

Viatu vinageuka na kwenda zake. Leo ni Alhamisi. Tiketi ya treni ya Bi Tsonka Velkova ni ya Jumamosi asubuhi, kwenda Varna, mji wa pwani, ambako binti yake anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mizigo iko tayari mlangoni. Kinachomzuia ni akaunti moja ambayo ameapa kuifuta kabla ya kuondoka, na mzee mmoja wa ghorofa ya nne ambaye hataki kuingiza nywila yake kwenye simu.

Katika mitaa hii ya jiji la Sofia, nyuma ya Soko la Wanawake, Zornitsa, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, anajulikana kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuchonga funguo, kazi aliyorithi kwa baba mkwe wake pamoja na duka. Ya pili aliianzisha mwenyewe: kuhamisha nywila za watu kutoka programu moja ya kuzitunza kwenda nyingine, kisha kufuta akaunti za zamani.

Wateja wa kazi ya pili huja kwa sababu zao. Mmoja kapandishiwa ada na kampuni, mwingine kasikia kwamba programu yake iliwahi kuingiliwa na wezi. Wapo waliofungua akaunti hapa na pale kwa miaka ishirini na sasa hawajui hata walizifungua wapi.

"Watu wanadhani kuhamisha ndiyo kazi," anasema Zornitsa. "Kuhamisha ni dakika chache. Kazi ni kujua nini kimebaki nyuma."

Programu ya zamani, anaeleza, hutoa faili moja lenye nywila zote, na faili hilo mtu yeyote anaweza kulisoma kama gazeti. Ndiyo maana hakubali litumwe kwa barua pepe, wala haliachi lilale kwenye kompyuta. Akishalipakia kwenye programu mpya analifuta mbele ya mwenyewe, halafu anafuta na kilichomo kwenye kapu la taka. Neno kuu, lile linalofungua kabati zima la nywila, mteja analiandika mwenyewe. Wakati huo Zornitsa hugeukia ukuta na kutazama kalenda ya mwaka juzi ambayo hajaitoa, maana hana kitu kingine cha kutazama.

Baada ya hapo ndipo anapoanza kukagua. Nywila huwa zinafika salama. Vinavyopotea njiani ni vitu ambavyo mtu alivibandika pembeni: picha ya pasipoti, nakala ya hati ya nyumba, maelezo ya daktari. Faili la kuhamishia halivibebi. Mfasiri mmoja wa mtaani aliwahi kujihamishia mwenyewe akafuta akaunti ya zamani saa ileile, akijiona mjanja. Hati ya nyumba ya mama yake ilikwenda nayo. Alikuja dirishani kuuliza kama inaweza kurudi, na Zornitsa akamwambia ukweli, kwamba haiwezi.

Tangu hapo ana sharti moja ambalo halilegezi kwa mtu. Akaunti ya zamani haifutwi mpaka kila mwenye kitu ndani yake aingie kwenye mpya kwa mkono wake na kwa simu yake.

Kabla ya hapa alikaa kwenye dirisha jingine. Kwa miaka kumi na minne alihudumia wateja wa kampuni ya umeme, hadi kampuni ilipofunga madirisha na kuwaambia wateja waende mtandaoni. "Walinifukuza mimi, halafu wateja wakanifuata nyumbani kuniuliza mtandaoni ni wapi," anasema, na anacheka peke yake.

Mwezi mzuri unampa euro mia tisa, mwezi mbaya nusu yake. Pango la duka ni mia mbili na thelathini. Wazee bado wanazidisha kila bei kichwani ili waipate kwa leva, fedha ya zamani, kisha wanalalamika kwa leva. Mwezi huu wa Septemba, ambapo kila roshani inanuka pilipili zinazochomwa, baadhi wanalipa kwa mitungi ya lyutenitsa, na rafu iliyokuwa ya funguo sasa imejaa rojo jekundu la pilipili na nyanya. Zornitsa hakatai. Mashine ya kuchonga inakula umeme, anasema, lakini yeye anakula mkate, na mkate unataka kitu cha kupaka.

Kazi ya Bi Tsonka ilipofika, ilionekana nyepesi. Mama huyu amekuwa msimamizi wa jengo lao kwa miaka kumi na mmoja: ngazi moja, kaya nane ukiacha yake, lifti iliyokufa zamani. Alikusanya pesa za taa za ngazi, akagombana na mafundi wa bomba, na alipoona majirani wanasahau nywila zao, akafungua akaunti moja na kuwawekea zote humo. Za umeme, za maji, za daktari, za benki kwa waliotaka. Hakuna aliyeona ubaya. Funguo za nyumba zao pia zilikuwa kwake, zimetundikwa jikoni.

Sasa anahama moja kwa moja. Funguo za jikoni amekwisha kuzirudisha mlango kwa mlango. Zilizobaki ni hizi za kwenye akaunti.

"Siwezi kwenda Varna na maisha ya watu mfukoni," alimwambia Zornitsa. "Nikianguka njiani je?"

Zornitsa akazigawa nywila mafungu manane, akamfungulia kila jirani kabati lake. Alipoanza kuwajaribisha mmoja mmoja ndipo alipogundua walichofanya, jambo ambalo anasema halingetokea kokote ila kwenye ngazi ile.

Kila mtu alikuwa ameandika barua pepe ya Bi Tsonka kama yake. Benki au hospitali ikitaka kuthibitisha mtu na kutuma namba, namba inakwenda kwake. Yeye hutoka ngazini na kupaza sauti, "Ghorofa ya tatu, nne-saba-moja-sifuri-mbili-tisa!" na wa ghorofa ya tatu huandika. Miaka yote hiyo jengo zima limekuwa likisikia namba za siri za jengo zima, na hakuna kilichowahi kuibwa.

"Nilishika kichwa," anasema Zornitsa. "Ningeifuta akaunti kama alivyotaka, naye akaondoka, kaya nane zingefungiwa nje. Nywila wangekuwa nazo, lakini namba za uthibitisho zingekwenda kwa mtu asiyekuwepo."

Ikabidi aanze upya. Alipanda zile ngazi wiki nzima, akibadilisha anwani moja baada ya nyingine. Kaya saba zikaingia, wengine kwa kununa na wengine kwa kujisifu. Ikabaki ya nane.

Mzee Rangel Mutafov ana miaka themanini na mitatu na ni mjane. Alikuwa mwongoza treni katika kituo kikuu, kazi ya kuamua treni ipi ipite na ipi isubiri. Ni mkarimu kupita kiasi. Kila Zornitsa anapofika kuna kahawa, kuna pilipili za kuchoma zenye vitunguu saumu, na kuna sababu mpya. Simu haina chaji. Kidole gumba hakitambuliki. Mwanawe aliye Uhispania kamshauri asubiri.

Alhamisi hiyo adhuhuri Zornitsa anafunga dirisha na kupanda tena. Anakunywa kahawa hadi mwisho, anaweka kikombe chini.

"Mzee Rangel, simu ina chaji, miwani unayo, na kidole ndicho hicho umeshikia kijiko. Tatizo nini?"

Mzee anaweka kijiko mezani.

"Nikiingia, Tsonka atafuta?"

"Atafuta."

"Na akishafuta, ataondoka?"

"Jumamosi."

"Basi sijui kuingia," anasema mzee. "Maisha yangu yote nimezuia treni. Na hii naweza."

Zornitsa anakiri kwamba alimwonea huruma hadi akataka kujifanya hakusikia, aache mambo yajiendee. Angeweza pia kumwingizia mzee nywila kwenye simu na kumaliza kwa dakika moja, maana wakati huo simu ilikuwa mezani wazi. Lakini sharti lake linasema kwa mkono wa mwenyewe. Akateremka ghorofa mbili na kumwambia Bi Tsonka neno kwa neno.

Bi Tsonka akapanda. Kwa magoti yale ilimchukua muda, na alisimama kila ghorofa akihema, huku Zornitsa akimfuata nyuma asianguke. Aliingia bila kubisha hodi, akakaa kwenye kiti cha marehemu mke wa Rangel, na akaanza kugomba kabla hajapata pumzi.

"Wewe unataka nimwone mjukuu wangu kwenye picha?"

"Watoto wachanga wanafanana wote. Picha inatosha."

"Rangel."

"Nani atanipigia kelele ngazini? Huyu?" Mzee alimwonyesha Zornitsa kwa kidevu. "Huyu ana sauti ya kifaranga."

Zornitsa anasema alitegemea matusi zaidi, maana wawili hao wamegombana tangu lifti ilipokuwa nzima. Badala yake Bi Tsonka alilainisha sketi yake magotini, na aliposema tena sauti ilikuwa chini.

"Unadhani mimi nataka? Miaka kumi na mmoja sijala supu ya moto kwa sababu yenu. Nikiinua kijiko, kengele inalia. Tsonka, nywila. Tsonka, namba. Sasa nitakula supu ya moto kila siku, na sijui nitaimezaje."

Mzee alichukua simu. Aliandika neno lake kuu polepole, herufi kwa herufi, na wanawake wawili wakageukia ukuta. Namba ya uthibitisho ikaingia kwenye simu yake mwenyewe. Aliisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, kwa mara ya kwanza bila jengo zima kusikia. Kabati likafunguka. Umeme, maji, daktari, vyote vilikuwemo.

"Kumbe kidogo hivi," alisema, na hakuna aliyejua kama analaumu au anashangaa.

Kisha Zornitsa akafungua kompyuta juu ya meza ya Rangel, kati ya vikombe. Programu ya zamani iliuliza kama mwenye akaunti ana uhakika, ikauliza tena kwa maneno makali zaidi, ikataka neno kuu kwa mara ya mwisho. Bi Tsonka akaliandika na kubonyeza. Skrini ikarudi kwenye ukurasa wa kukaribisha wateja wapya.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, shangazi."

Bi Tsonka alilia kidogo, kwa leso, bila kujificha. Mzee Rangel akamimina rakia, pombe kali ya matunda, glasi tatu na kusema mtoto akiwa wa kiume asipewe jina la mjinga yeyote wa ghorofa ya kwanza. Jumamosi asubuhi alimbebea mfuko mmoja, ule mwepesi, hadi kwenye teksi. Alhamisi iliyofuata simu yake ililetewa picha ya mtoto wa kike amefungwa blanketi la njano. Aliifungua mwenyewe.

Zornitsa naye ana mpango. Majengo ya namna ile yako mengi mtaani, na kila jengo lina Tsonka wake anayezeeka na funguo za wengine. Chumba cha kusomea cha mtaa kimemkubalia kukitumia Jumatano jioni kuanzia Oktoba, bila malipo, mradi aje na taa yake maana zilizopo ni mbovu. Anataka kuwafundisha wasimamizi wa majengo na wazee kuhamisha vitu vyao wenyewe na kufunga walikotoka, kabla msiba au safari haijawalazimisha. Wamejiandikisha watu kumi na wawili. Pesa haoni itatoka wapi, lakini wengi wao, anasema, watahitaji ufunguo siku moja.

Msaidizi amekwisha kumpata. Ni mzee Rangel, ambaye hajui chochote kuhusu kompyuta zaidi ya alichofanya siku ile mezani kwake. Zornitsa anataka akae kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Mtu akija kuniambia hawezi, mimi nitatazama simu yake," anasema. "Rangel atamuuliza ni nani anayeondoka."