Mashine Iliyolia Nshamba

Kuna siku moja ya msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mume wangu anajua hivyo na ameshazoea. Ni siku niliyoiamsha kompyuta pale Nshamba, wakati watu wazima walikuwa wameshaizika kwa midomo.

Ninyi vijana wa sasa skrini ikiwa nyeusi mnapanda gari kwenda Bukoba mjini kununua nyingine. Sisi tulikuwa na moja tu. Ilikuwa katika kituo kidogo cha kufundishia wasichana kazi za ofisi, chenye paa la bati na jenereta, na kiongozi wake alikuwa Ma Yustina, mwalimu mstaafu, mkali, mwenye rozari mfukoni na sauti ya kufika sokoni. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha zamani, wanaume wakarudi, tukadhani tumemaliza kuzika. Kumbe ndiyo kwanza miaka ya ugonjwa ilikuwa inakuja. Jina lake hatukulitaja. Tulisema fulani anaumwa, tukanyamaza.

Baba alitangulia, mama akafuata. Nikabaki na wadogo zangu, Asimwe na Muganyizi, kwenye kibanja chetu, yaani nyumba yetu na migomba na mibuni inayoizunguka. Baada ya matanga ya mama, ukoo ulikaa kikao. Baba mkubwa, Ta Felisiani, alisema kwa upole kwamba watoto hawawezi kuishi peke yao. Asimwe angekwenda kwa shangazi kule Izigo, Muganyizi kwa mjomba kule Ngenge, nami ningetafutiwa mchumba. Hakuwa mtu mbaya. Kwake walikuwa wameshajaa yatima wa ndugu wengine, wanalala wamebanana sakafuni. Nikamuuliza kwa heshima ya Kihaya, "Waitu baba, na nikipata kazi?"

Akajibu, "Ukipata kazi ya mshahara, mtakaa pamoja. Jumapili baada ya misa tutakutana tulimalize jambo hili."

Kazi Ma Yustina alikuwa ameniahidi. Mpiga chapa wetu, dada mchangamfu aliyeitwa Kokutona, alikuwa amefariki si muda mrefu, na nafasi yake kwenye kompyuta ilikuwa wazi. Wenzangu hawakuitaka. Waliogopa kiti chake, waliogopa hata kibodi aliyoigusa. Mimi nilikuwa nimewauguza wazazi wangu wote wawili na kuwaosha kwa mikono hii, kiti kingenifanya nini?

Basi Ijumaa ile asubuhi jenereta ikawashwa, nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Halafu mashine ikatoa mlio mrefu, ikanyamaza, ikatoa mwingine mrefu vilevile, ikanyamaza.

Unakijua Kiswahili chetu, saa inalia, simu inalia, mtoto analia na mfiwa analia. Msichana aliyekuwa mlangoni akasema, "Inalia." Alimaanisha mlio tu, maskini. Wa nyuma yake akasikia jingine, akasema kwa Kihaya kwamba inamlilia Kokutona, na neno hilo likafika jikoni kabla sijainua mkono kwenye kitufe. Wapishi wakaja wamejifunga kanga viunoni, wakasimama dirishani. Mmoja akaanzisha wimbo wa maziko, na wengine wakaitikia. Mlinzi akashauri ifunikwe shuka jeupe irudishwe mjini kwa waliotuletea. Nami nikawaza Jumapili, nikawaona wadogo zangu wakipandishwa magari mawili tofauti, machozi yakanitoka.

Ma Yustina akapita katikati ya watu, akanisimamia kichwani.

"Na wewe unalia nini?"

"Inalia, Ma."

"Nasikia, mimi si kiziwi. Asimwe akilia kwenu, unawaita majirani waje kuimba?"

"Hapana, Ma."

"Unafanya nini?"

"Namuuliza analilia nini."

"Haya, iulize hiyo. Fundi wa mjini hatafika leo wala kesho, na mimi siwezi kumwajiri mpiga chapa wa mashine iliyokufa."

Maneno yale yalinichoma, lakini yalinifuta machozi. Nikakaa nikaisikiliza. Aliyelea watoto anajua kilio cha njaa hakifanani na cha homa. Feni ilizunguka, kwa hiyo umeme ulifika. Nikachomoa waya wa skrini nikauchomeka upya, nikafanya hivyo na kibodi, mlio ukawa uleule. Nilikuwa nimeusikia mahali. Nikakumbuka siku fundi alipokuja kuiongezea mashine kumbukumbu, Kokutona akiwa hai, mimi nikimshikia tochi. Kipande kimoja hakikukaa vizuri, mashine ikalia hivihivi, fundi akacheka akasema, "Imesahau hata jina lake."

Kumbukumbu hiyo, ambayo mafundi huiita RAM, ndipo mashine inaposhikilia mambo wakati inayafanyia kazi, namna unavyoshika hesabu kichwani. Isipoiona, haiamki. Inalia tu.

Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikafungua kasha kwa bisibisi. Nikashika kwanza bati lake, maana fundi alisema mwili wa mtu una umeme wake unaoweza kuua vitu vidogo vile. Harufu ya vitunguu ikanijia, nikadhani ni ya jikoni. Vipande vya kumbukumbu vilikuwa viwili, kila kimoja na meno yake ya rangi ya dhahabu. Nikavitoa vyote, nikayasugua meno kwa kifutio cha penseli, nikarudisha kimoja peke yake na kukikandamiza hadi kikanasa. Nikawasha. Mlio mfupi, mmoja, halafu skrini ikaangaza na tarakimu zikaanza kupanda, mashine ikihesabu kumbukumbu yake. Wimbo dirishani ukakatika.

Nikazima, nikaongeza cha pili. Ikalia tena, na wale wapishi, Mungu awasamehe, wakaanza beti nyingine. Sasa mgonjwa ni kipande au ni mahali pake? Nikakichukua kile kizima nikakiweka mahali pa yule mwenzake. Ikalia. Basi kipande hakina kosa, mahali ndipo penye ugonjwa. Nikamulika kwa tochi.

Ndani ya ule mfereji mwembamba ulikuwa umebanwa mguu wa senene, ule wa nyuma wenye miiba. Tena ulikuwa umekaangwa, una mafuta na chumvi.

Nikazunguka nyuma ya mashine. Palikuwa na pengo ambalo kibati chake kilipotea, panapotoka joto, na hapo pengoni palisokomezwa kifurushi cha jani la mgomba, kimepasuka upande wa ndani. Mwanangu, zamani kwetu mwanamke aliwanyonyoa senene mabawa na miguu, akawakaanga, akamfungia mumewe. Yeye mwenyewe hakula. Sisi wasichana tulishaanza kutafuna bila aibu, lakini mwanamke wa rika la Ma Yustina akionekana anakula, angesemwa mpaka mlangoni mwa kanisa. Na ufunguo wa chumba kile ulikuwa na mtu mmoja.

Nilimtazama Ma Yustina. Yeye alikuwa anautazama ukuta.

Nikauvuta ule mguu kwa kucha. Vidole vilivyonyonyoa senene tangu utoto vinaujua mguu wa senene hata gizani. Nikaufumbata kiganjani.

"Umeona nini humo?" mlinzi akauliza.

"Uchafu," nikasema, na sikudanganya.

Nikaomba spiriti na pamba kwenye sanduku la dawa, nikasafisha mfereji, nikangoja ukauke kabisa, nikavirudisha vipande vyote viwili. Nikabonyeza kitufe. Mlio mfupi. Tarakimu zikapanda, zikafika zilipokomea mwanzo, zikapita, zikaendelea hadi mwisho, na mashine ikafunguka yote. Walewale waliokuja kuzika wakapiga vigelegele mpaka wachuuzi wa ndizi wakaja kuuliza nani kaolewa. Nilifurahi, mwanangu.

Watu walipotawanyika, Ma Yustina akafunga mlango. "Nipe huo mguu." Akautazama, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akachomoa kifurushi chake pale pengoni, akaenda kukaa kwenye benchi barazani mbele ya macho ya kila mtu, akakifungua, akatafuna senene mmoja taratibu, akanipa wa pili. Mlinzi alibaki mdomo wazi.

Jumapili Ma Yustina alikuja kwetu mwenyewe, akiwa amevaa gauni la Pasaka. Akamwambia Ta Felisiani kwamba nimeajiriwa kuanzia Jumatatu. Baba mkubwa akasema, "Basi watoto wasiguswe." Hawakuguswa. Tulikua pamoja kwenye kibanja chetu, sote watatu.

Miaka ile kulia kulitujia upesi kuliko kuuliza. Muganyizi baadaye alishikwa na kikohozi, na jamaa wakaanza kunong'ona kwa sauti ya matanga. Nikampeleka hospitali nikauliza kinacholia kifuani mwake. Kilikuwa kifua kikuu. Akameza dawa akamaliza, na leo ana tumbo la tajiri.

Basi, mwanangu, mashine ikikugomea usiiombolezee. Isikilize, zima, toa, safisha, rudisha kimoja, jaribu, ndipo uongeze kingine, mpaka uupate mguu wa senene ulipo. Na mtu akilia mbele yako mfanyie hivyohivyo, keti umuulize. Ukimjua aliyekosea, fumba kiganja chako na umwachie nafasi ya kujicheka mwenyewe. Mungu akupe masikio yanayotangulia machozi, akupe mikono isiyoogopa kiti cha marehemu, na nyumba yako isigawanywe kamwe. Na senene kula hadharani, mwanangu, ila mbali na kompyuta.