Ngazi Arobaini na Moja za Elric Heyliger

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Elric Heyliger anafagia ngazi. Anaanza ya juu, anashuka akisukuma majani makavu na vinyesi vya mbuzi pembeni, kisha anageuka kuitazama kazi yake. Hairidhishi. Anapanda tena na kuanza upya, mara ya tatu leo.

"Pale bado pana mchanga," anajisemea.

Ana sababu ya kuhangaika. Leo Jumamosi Bi Verlinda Every anatimiza miaka themanini na sita, na zawadi aliyoiomba ni moja tu: kuteremka kwa miguu yake mwenyewe hadi ghubani, kupitia ngazi mia nane za mawe ambazo watu wa Saba, kisiwa hiki cha Karibi, huziita Ngazi, basi. Akiteleza, au akishindwa njiani, lawama ni za Elric. Kisiwa kina watu elfu mbili, na wote wanalijua hilo.

Elric ana miaka arobaini na saba, na ni mrefu kiasi cha kuinama karibu kila mlango anaoingia. Mwaka wa kumi na tisa huu anatengeneza njia za miguu: anafyeka, anazibua mifereji, anarudishia mawe yaliyong'olewa na mvua. Jiwe moja hufika kilo arobaini, na gari halifiki huku, kwa hiyo linabebwa begani. Mshahara wake ni dola 1,800 kwa mwezi. Katika kisiwa ambacho hata kitunguu huja kwa meli, hela hiyo haifiki tarehe ishirini.

Lakini humkuti amenuna. Tukiwa tumesimama naye, Mholanzi mmoja mgeni, kandambili miguuni, anatukuta na kuuliza ufuko wenye mchanga uko wapi.

"Habari ya asubuhi," Elric anamjibu.

"Nauliza ufuko..."

"Habari ya asubuhi."

Mgeni anaona haya, anasalimia. Hapo ndipo Elric anafungua mdomo.

"Mchanga wetu unakuja kule Wells Bay mwezi wa nne hivi, ukituchoka unaondoka. Kama unautaka mwaka mzima, umekosea kisiwa, ndugu yangu. Sasa sikia, wewe panda mlima. Hizo kandambili kazivue, vaa viatu vya kufunga. Fimbo wanaazima pale dukani, ila uirudishe. Kileleni ufike kabla ya saa tatu, wingu likishakaa hutaona hata mkono wako. Ukichoka, kaa kwenye ule ukuta wa njiani, gari la kwanza litakubeba. Usimpe dereva hela, atakasirika. Mpe habari za kwenu."

Mgeni anaondoka akicheka. Elric anarudi kwenye ufagio.

Kisa chenyewe kilianza mwaka juzi, mvua ya Novemba ilipoporomosha kipande cha Ngazi, jumla ya ngazi arobaini na moja. Elric alizijenga upya kwa wiki tano. Ofisi inayomlipa ikaja, ikapiga picha, ikamsifu na kusaini kwamba kazi imekamilika. Siku nne baadaye akaja Bi Verlinda na mwavuli wake.

"Akapanda tatu, akasimama," Elric anakumbuka. "Akaniuliza, 'We Elric, hizi umemjengea nani? Mbuzi?' Nikamwambia, Bi Verlinda, hizi ni imara, zitatuzika sote. Akasema, 'Kunizika zitanizika, tena leo leo.'"

Bibi alisema kweli. Palipokuwa na ngazi arobaini na moja, Elric alijenga thelathini. Kila moja aliipandisha kimo ili apunguze mawe ya kubeba, na kipimo alichotumia kilikuwa hatua yake mwenyewe.

"Nilijiona mjanja sana," anasema.

Bi Verlinda ndiye aliyemfumbua macho. Yeye ni wa enzi zile kabla ya gati, kila kitu kilipoingia na kutoka kisiwani kwa njia hii, juu ya vichwa vya watu. Tangu ana miaka kumi na miwili alikuwa akiteremsha vifurushi vya lesi aliyofuma mama yake, kuviwahisha melini.

"Ukiwa na mzigo kichwani, goti halitakiwi kupanda," ananieleza. "Likipanda, shingo inacheza, na mzigo umekwenda. Ndiyo maana walizichonga fupi. Sio kwamba wazee wetu walikuwa vibeti!"

Mara ya mwisho kufika ghubani alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alimsindikiza dada yake, Ottilie, aliyekuwa anakwenda kisiwa cha Aruba kutafuta kazi. Barua zilikuja kwa miaka mingi. Ottilie hakurudi, na huko akazikwa.

"Nilipachukia mahali pale," anasema bila kuficha. "Sasa chuki imeisha, lakini magoti ndiyo hayataki. Nataka nisimame pale alipopandia mashua. Basi."

Elric aliyasikia maneno hayo na hakulala vizuri. Ofisi ilimwambia kazi iliyosainiwa haifanywi mara mbili. Kwa hiyo alikwenda jikoni kwa Bi Verlinda, akamwomba ainue mguu kadiri awezavyo bila kuumia, akachora mstari wa chaki ukutani. Kisha akazing'oa ngazi zake zote thelathini, na kila alfajiri kabla ya kazi, kwa miezi saba, akazijenga arobaini na moja.

"Mke wangu akaniuliza kama nina mwanamke mwingine huko chini. Nikamwambia ndiyo, ana miaka themanini na mitano."

Saa mbili kasoro Bi Verlinda anatokea, kofia nyeupe, raba mpya. Elric anamnyooshea mkono.

"Niache. Wewe tangulia, nikianguka nikuangukie wewe."

Wanaanza. Elric anashuka kinyumenyume, jasho linamtoka. Bi Verlinda anashuka polepole huku akihadithia kisa cha kabati la kioo la mjomba wake, lililopandishwa hapa na wanaume wanane, mmoja wao amelewa. Penye mawe mapya Elric anafupisha hatua. Macho yake hayatoki kwenye zile raba. Bibi haachi kuongea.

Kwenye gofu la nyumba ya forodha anaketi kupumzika.

"Haya, hizo ngazi zako ziko wapi? Niambie mapema nijiandae."

"Umeshazipita, Bi Verlinda."

"Lini?"

"Ulipokuwa kwenye kabati la mjomba."

Anageuka kutazama juu, muda mrefu. Anazitafuta, hazioni. Kisha anaushika mkono wa Elric, na hauachi mpaka ghubani.

Pale chini anasimama juu ya mwamba na kulitamka jina la dada yake kwa sauti, mara moja. Analia kidogo, anapangusa uso, anaulizia keki.

Binamu yake anamsubiri na mashua, bahari imetulia, atarudi nyumbani kupitia gatini. Elric yeye anapanda kwa miguu, na katikati ya njia anasimama penye ngazi sitini zilizowahi kuzibwa kwa saruji. Anapima moja kwa kiganja, anatikisa kichwa.

"Hizi nazo ni ndefu," anasema. "Jumatatu naanza. Umesikia alichoniambia akipanda mashuani? Mwakani anataka kupanda."