Friji Lisilouza Barafu

Juzi, kwenye duka la vyombo vya umeme Kariakoo, nilimkuta binti mmoja akichagua friji, mama yake pembeni. Mama akafungua sehemu ya kugandishia, akaipima kwa kiganja.

"Zinaingia barafu ngapi humu?"

"Mama, mimi sifanyi biashara."

"La kwetu ndilo lililokulipia ada."

Binti akalipia friji. Nikatoka nyuma yao. Nje jua lilikuwa kali, binti akanunua barafu mbili za ukwaju kwa mwanamke aliyekaa na ndoo. Mama akang'ata kona ya kimfuko, akanyonya, kisha akamwonyesha yule muuzaji kwa kidevu.

"Mwenye friji ni huyu, mwanangu. Wewe umenunua kabati."

Nilicheka hadi Mnazi Mmoja. Nilipofika nyumbani nikafungua kabati langu: maji na nusu ya ndimu.