Kizuizi cha Majaribio, Malukhu

Kazi yangu Jinja ilikuwa kuwafunza mabondia kutuliza akili kabla ya kengele. Vita vilipokwisha, watu wa utafiti wakaniita Mbale. Walitaka kujua kama mafunzo yale yale yangemsaidia polisi mpya asichanganyikiwe kwenye kizuizi cha barabarani. Nilikubali upesi, tena kwa kiburi kidogo. Kiswahili nimekinyonya kwa mama, babu zangu walikuwa askari kutoka Sudan, na nilikuwa nimechoka kuambiwa kwamba hapa Uganda lugha yangu ni ya askari, ya kuporea watu.

Jaribio la mwisho tulilifanyia Malukhu, hapo hapo Mbale. Gogo lililazwa barabarani, makuruta wakapewa bunduki za mti, na wenyeji kadhaa wakakubali kupanda gari na kuigiza abiria. Wapimaji tulikuwa wawili: mimi na mkufunzi wa polisi, mzee mkali wa kaskazini ambaye kila mtu alimwita afande. Kuruta wa kwanza alitoka Teso. Alikwisha kufeli mara moja. Akifeli tena angerudi kwao bila kazi, na kwao ng'ombe wote walikwisha kuporwa vitani.

Gari likaja. Akapaza sauti kama alivyofundishwa: "Simama! Shuka wote!"

Abiria wakashuka wakichekacheka, isipokuwa mama mmoja muuza nyanya. Yeye alivua viatu, akavishika mkononi, akalala kifudifudi vumbini, kama askari walivyowaamuru abiria vizuizini wakati wa vita. Afande akaninong'oneza, "Huyu mama anajua kuigiza." Kuigiza nini! Mgongo ulikuwa unamtetemeka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilitaka kwenda kumwinua, lakini sheria ya jaribio ilikuwa kwamba mpimaji hasemi na anayepimwa.

Kuruta akamtazama afande, kisha akanitazama mimi. Akaweka bunduki chini, akachuchumaa mbali kidogo na yule mama.

"Mama, mimi polisi tu. Hii bunduki ni ya mti. Amka, mama."

"Bunduki iko chini," afande akasema. "Amefeli."

Nilimvaa pale pale. Nikamwambia huyu ndiye askari pekee wa kweli tuliyemwona wiki nzima. Akaniuliza taratibu, "Na kama huyo mama iko na bastola, mwalimu?" Mwishowe tukakubaliana mama mwenyewe aulizwe. Nilikuwa na hakika atamwokoa kuruta.

Mama alikuwa amekaa, anajipangusa vumbi. Nikamuuliza, "Mama, askari kama huyu ungemtaka kwa barabara yenu?"

"Mimi hapana taka askari kwa barabara yangu," akajibu. "Mzuri, mbaya, hapana." Akavaa viatu, akaenda zake kwa miguu.

Kuruta alirudishwa kwao siku hiyo hiyo. Jioni nilikataa kula na afande.

Kesho yake mama hakuja, na jaribio lilihitaji gari lililojaa, basi nikaingia mimi mahali pake. Kuruta wa siku hiyo alikuwa hodari, bunduki ameishika kwa mikono miwili kama afande alivyotaka. "Simama! Shuka wote!" akaita, kwa Kiswahili safi kama cha nyumbani kwetu.

Nilishuka. Nilipojitazama, viatu vyangu vilikuwa mkononi.